Jogoo Aliyewika Ndani ya Begi

Jamani, leo nimepatikana. Na si kidogo. Nimepatikana mbele ya wazee, mbele ya akina mama, mbele ya kuku wa kitongoji kizima. Naandika kwa kalamu kwanza, maana hapa nilipo hakuna umeme wala mtandao. Nikifika mjini nitaingia internet kafe niwachapie. Mkisoma, msicheke kabla sijamaliza.

Nianze asubuhi.

Nimeamka kijijini Mgori sina mpango wowote. (Wanaonijua wanajua kwamba huo ndio mpango wangu wa kila siku.) Nilikuwa kwa mzee mmoja, namsaidia kupiga alizeti. Kupiga alizeti ni kazi ya fimbo na vumbi. Unapiga vichwa, mbegu zinadondoka, vumbi linapanda puani na kuweka makazi. Jana tumemaliza. Leo nikamwambia mzee, "Naondoka."

"Unaenda wapi?"

"Nitajua nikifika."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Mtu aliyekula kwangu haondoki mikono mitupu," akasema. "Na huko uendako, usiingie kwa watu mikono mitupu."

Nikampokea kwa mikono miwili. Huku kwetu jogoo ni zaidi ya kitambulisho. Ukifika ugenini ukamkabidhi mwenye nyumba jogoo, huulizwi ukoo wako wala dini yako, unaonyeshwa pa kulala. Nikajisemea, leo nikifika popote, malazi ninayo mkononi.

Lori la mnunuzi wa alizeti likanipeleka mpaka Singida mjini. Pale nikazurura sokoni na jogoo wangu, nikachungulia hiki, nikauliza kile. Mchana nikapata lori jingine linaloelekea barabara ya Nzega. Nyuma lilikuwa limepakia matenga matupu ya kuku, mbele dereva na redio yake. Nikakaa mbele, jogoo mapajani.

Redioni wanazungumzia mafua ya ndege. Siku hizi ukifungua redio ni mafua ya ndege, ukifunga ni majirani wanayazungumzia. Dereva akamtazama jogoo.

"Huyo mzima?"

"Mzima kuliko mimi," nikasema, nikapiga chafya.

Dereva akafungua kioo mpaka chini. Halafu akasema, "Nasikia huko mbele kuna watu wanakamata kuku wageni na kuwachoma moto."

"Watu gani?"

"Sijui. Watu."

Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini maswali sikuyaacha. Na watu wasiojulikana ni nani ndio ninaowashuku kuliko wote. Nikafungua begi langu, nikamwingiza jogoo kati ya suruali na sufuria. Nikachukua kitambaa changu cha shingoni, kile cha kufutia pua, nikamfunika kichwa. Kuku akiwa gizani anadhani ni usiku. Akanyamaza. Nikafunga zipu, nikaacha upenyo wa hewa. (Nilijiona mjanja sana. Kumbukeni hilo.)

Tulipoipita Iguguno nikapiga chafya nyingine tatu mfululizo. Dereva akasimamisha lori.

"Ndugu yangu, shuka hapa. Mimi nina watoto."

Nikashuka. Nikafuata njia ya miguu katikati ya mabua ya mahindi mpaka kwenye kitongoji kimoja ambacho jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado nimo ndani yake.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba sikuona kuku. Hata mmoja! Sasa ninyi fikirieni. Kijiji cha Singida kisicho na kuku uani ni kama msikiti wa Ijumaa usio na viatu mlangoni. Unasimama, unajiuliza watu wamepatwa na nini. Halafu nikasikia jogoo anawika ndani ya nyumba, na mwingine ndani ya jiko, na vifaranga wanalia nyuma ya mlango uliofungwa kwa kamba. Kuku wapo, ila wamefungiwa mchana kweupe.

Nikajisemea, hapa pana jambo.

Watu walikuwa wamekusanyika uani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mkumbo. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi?"

"Natembea tu, mzee."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta bei kwenye nguo. "Haya, kaa. Leo tuna shughuli."

Nikakaa kwenye gogo karibu na bibi mmoja mwenye shuka jeusi, begi mgongoni. Katikati ya uwanja alisimama mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge, mkononi ana kichupa alichokizungushia kitambaa kibichi. Pembeni yake mtungi wa maji ya baridi. Bibi akaninong'oneza bila hata kumuuliza. Huyo ni Mama Rehema. Amefundishwa na bwana mifugo kuchanja kuku. Mwaka jana kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, ulipita ukafagia. Kuku walilala wazima wakaamka wamepinda shingo. Mama Rehema alibaki na tenga tupu, na binti yake Rehema akarudi nyumbani kutoka sekondari kwa kukosa ada. Sasa amefuga upya. Tayari kitongoji cha pili kuku wameanza kusinzia. Amebembeleza nyumba moja moja watu wakubali kuwafungia kuku leo, ili wote wachanjwe kwa siku moja.

"Akichanja wake peke yake haisaidii?" nikauliza.

"Anasema wakiachwa wengi bila chanjo, ugonjwa unapata pa kukaa. Na hicho kichupa kimeshachanganywa. Hakifiki kesho."

Mtu mwingine angesikia hapo habari ya mama na binti yake. Mimi nilisikia habari ya mtu mwenye dawa ambayo lazima iishe leo. (Ndivyo nilivyo.) Tangu biashara iachiwe kila mtu afanye, nimeshauziwa betri mpya zilizokuwa zimeanikwa juani zipate uhai wa siku moja. Nimeshauziwa dawa ya meno ambayo ilikuwa chokaa. Kila anayeniambia "chukua leo, kesho hakuna", namshuku mpaka ukucha.

Nikanyanyua mkono.

"Shikamoo mama. Mimi mgeni, samahani. Hiyo dawa ni ya mafua ya ndege?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Kumbe swali hilo kila mtu alikuwa nalo, ila kila mtu alishajijibu mwenyewe.

Mama Rehema angeweza kusema "ndiyo" mambo yakaisha. Hakusema.

"Hapana. Hii ni ya kideri."

Minong'ono ikaanza. Mzee Mkumbo akasimama. "Rehema," akasema, maana huku mama mtu mzima huitwa hata kwa jina la mwanawe, "hukutuambia hivyo."

"Nilisema, mzee. Nilisema hapa hapa. Ninyi mlisikia neno chanjo, mengine mkayajazia kutoka redioni."

Bibi mwenye shuka jeusi akauliza, "Sasa ule ugonjwa wa redioni, chanjo yake iko wapi?"

"Hapa hatuna, bibi. Na bwana mifugo anasema hata huko wanakochanja, hawakai wakastarehe. Kuku anaweza kuchanjwa, asionekane mgonjwa, kumbe ameubeba. Anatembea, anakula, anawagawia wenzake. Ndiyo maana dawa yake ya kwanza ni kutochanganya kuku wageni na wenyeji."

Ndugu zangu, hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeonja utamu wa kusikilizwa.

"Kwa hiyo," nikasema, nimesimama sasa, "mnafunga dirisha, mlango mnauacha wazi?"

Watu wakaguna. Nikajiona wakili.

Mama Rehema akanigeukia. "Kaka, wewe ni nani?"

"Mpita njia."

"Basi pita."

Wakacheka! Wote! Mpaka bibi niliyekaa naye. Hilo likaniuma, na mimi nikiumwa hivyo huwa sina breki.

"Chupa hiyo imetoka wapi, mama?"

"Kwa bwana mifugo."

"Na yeye kaitoa wapi? Imelala wapi njiani? Kwenye barafu au kwenye buti la basi?"

"Hilo sijui," akasema. "Nilipoipokea ilikuwa ya baridi. Kabla ya hapo sijui."

"Mmesikia? Hajui! Na mbona inaonekana kama maji?"

"Kwa sababu imechanganywa na maji."

"Ahaa!" (Hiyo "ahaa" niliivuta mpaka ikafika barabarani.) "Nidondoshee nionje."

"Hii ni ya kudondoshea kuku machoni."

"Kama ni ya kweli unaogopa nini?"

Akashusha pumzi kama mtu anayemvalisha shati mlevi. Akanidondoshea tone moja kiganjani. Uwanja mzima ukanyoosha shingo. Nikalamba. Nikafumba macho. Nikatafunatafuna hewa.

"Maji," nikatangaza.

"Maji matupu?" Mzee Mkumbo akauliza.

"Maji ya kisima, mzee. Hata chumvichumvi yake naisikia."

Jamani, maneno yangu yalifanya kazi. Mama mmoja akainuka, akakung'uta kitenge. Mwingine akamfuata. Mwanamume mmoja akasema yeye anaendelea na vidonge vya rangi mbili anavyowasagia kuku kwenye pumba. Mzee Mkumbo akasema yeye shubiri na pilipili ndani ya maji zinamtosha, ingawa (bibi akaninong'oneza) mwaka jana shubiri na pilipili zilimbakizia bata mmoja.

Mama Rehema alikuwa amekikinga kichupa kwa kiganja, jua lisikipate. Anatazama migongo ya watu wanaoondoka.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

Na kweli nilikuwa nimemaliza, isipokuwa pua yangu. Ikaanza kuwasha kwa ndani kabisa, kule vumbi la Mgori lilikohamia. Nikaizuia. Nikageuka pembeni. Nikatazama angani. Ikaja. Chafya gani ile! Begi liliruka mgongoni. Na baada ya chafya, mnaelewa wenyewe, uso wa mtu unahitaji kitambaa haraka, hasa akiwa ametoka kuhutubia.

Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe. Nikalivuta begi mbele, nikafungua zipu, nikachomoa kitambaa, nikajifuta.

Giza likamwondoka jogoo kichwani. Akaona mwanga. Kwa hesabu zake, kumekucha.

"KOKORIKOOO!"

Mle mle begini. Mbele ya kila mtu. Na kwa kuwa majogoo wote wa kitongoji walikuwa wamefungiwa gizani wakisubiri habari za alfajiri, wakamjibu. Nyumba hii, nyumba ile, jikoni, chini ya vitanda, kote wakawa wanawika. Walioondoka wakasimama, wakageuka.

Mzee Mkumbo akanijia taratibu.

"Kijana. Begi lako limewika."

"Ni redio, mzee." (Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulimi ulikwenda bila mimi.)

"Ifungulie basi, tusikilize taarifa ya habari."

Nikafungua. Jogoo akatoa shingo. Joto la begini lilikuwa limemlegeza, upanga wake wa kichwani umelala upande, mdomo wazi. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akatikisa kichwa, akatoa mlio ambao, Mungu anisamehe, ulifanana sana na chafya.

Watu wakarudi nyuma kama maji yanavyolikimbia jiwe lililotupwa kisimani. Nikabaki peke yangu katikati, na jogoo wangu, na makamasi.

"Ni vumbi!" nikapiga kelele. "Vumbi la alizeti! Sisi sote wawili!"

"Ametoka wapi huyo?" Mama Rehema akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole. Ndiyo iliyonitisha.

"Mgori."

"Akapita wapi?"

"Mjini."

"Mjini wapi?"

"Sokoni."

"Akaja na nini?"

"Na lori." Nikajifuta pua. "La matenga ya kuku."

"Na ulimficha kwa nini?"

Hapo maswali yangu yote niliyojaliwa hayakunisaidia hata jibu moja.

"Hebu mtazameni," akasema bibi mwenye shuka jeusi. "Anauliza chupa ya mwenzake imelala wapi. Wewe jogoo wako amelala wapi?"

Basi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule mama aliyekung'uta kitenge akakimbilia kwake, akarudi amebeba tetea kila kwapa. "Mama Rehema, anza na wangu!" Mwenye vidonge vya rangi mbili akaja na tenga zima. Wakaanza kugombea nani wa kwanza. Walikuwa wameishuku dawa kwa sababu yangu. Sasa walinishuku mimi, na dawa ikaonekana rafiki.

Mama Rehema hakuitumia nafasi hiyo, na mimi ningeitumia. Akanyanyua mkono.

"Subirini. Narudia, asije mtu akasema nilimdanganya. Hii ni ya kideri tu. Ule wa redioni haiuzuii. Kuku aliyekwisha kuanza kuumwa haimponyi. Haishiki leo leo, inachukua muda. Na nimesema, chupa ilikolala kabla ya kunifikia sijui."

"Tumeelewa!" Mzee Mkumbo akasema, yuko mbele kabisa ya wengine, na bata wake mkononi. "Chanja, mama, chanja!"

"Na huyo wa begini tumchinje tumchome?" mtu akauliza.

"Msimchinje," akasema Mama Rehema, tayari ameshamgeuza tetea kichwa, tone limeingia jichoni. "Damu na manyoya vitasambaa, na hatutajua alikuwa na nini. Afungiwe mbali tumwangalie."

"Mchanje na yeye basi, yaishe!" nikasema. Kwa heshima safari hii.

"Nikimchanja leo tutamwona anatembea tukajidanganya. Kama ana kitu, acha kijionyeshe."

Wakaanza kujadiliana kwa Kinyiramba. Kinyiramba sikijui, lakini kidole kinachoelekezwa kwangu nakijua kwa lugha zote. Mwishowe Mzee Mkumbo akaja na hukumu.

"Kuna ghala la vitunguu kule mwisho wa mashamba. Jogoo atakaa humo. Anatakiwa mtu wa kumpa maji na chakula, na mtu huyo asiwe na kuku nyumbani, asije akabeba kitu kwenye miguu. Sasa hapa kila mtu ana kuku." Akanitazama. "Isipokuwa wewe."

"Mzee, mimi nilikuja na huyu jogoo kumpa mwenyeji wangu. Ni zawadi."

Watu walitazama chini kwa adabu, kama mtu anapokosea msibani.

"Na huyu mwenyewe hatumchanji?" mwenye vidonge akauliza, akininyooshea kidole.

"Huyu alishaonja," akasema Mama Rehema bila kuinua kichwa.

Kicheko kilichofuata, ndugu zangu, sitakieleza. Nasikia tayari nimepewa jina. Wananiita Kuku wa Kwanza.

Hivyo nawaandikia kutoka ghalani. Ukuta ni wa fito, upepo unaingia bila hodi. Vitunguu vinanitoa machozi, kwa hiyo anayepita nje anadhani nalia kwa majuto. Nimepewa mkeka, maji, sabuni na jivu la kunyunyiza mlangoni. Ugali na mlenda umeletwa, ukawekwa juu ya jiwe mbali kidogo, na aliyeleta akasema "karibu chakula" akiwa ameshaanza kuondoka. Ni mara ya kwanza nafika ugenini Singida nakula mlenda, halafu kuku tunakula naye.

Jua likizama Mama Rehema amekuja. Amesimama nje ya mstari wa jivu. Mikono yake inanuka sabuni mpaka humu.

"Chupa imeisha," akasema. "Nyumba zote. Hata wale wa bondeni wamesikia habari zako wakaja wenyewe."

"Mama, nisamehe."

"Sijui hata nikusamehe nini. Mimi nimewabembeleza weee, wewe umepiga chafya mara moja wamekuja mbio." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Ila Rehema wangu sijui kama atarudi shule. Tumefunga dirisha, kama ulivyosema. Mlango tunaulinda kwa macho." Akaelekeza kidevu kwa jogoo. "Ukitoka humo, unaelekea wapi?"

"Sijui, mama."

"Kuna kitongoji ng'ambo ya korongo wamekataa kabisa kuchanja. Ungewapitia."

Ameondoka. Nimebaki na jogoo. Amekula vizuri, upanga umesimama kidogo, lakini simwamini. Yeye ananitazama kwa jicho moja, mimi namtazama kwa mawili, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kuumwa. Msicheke, jamani. Mwenyekiti amesema nitafunguliwa jogoo akithibitika mzima, na sasa hivi nasikia ameanza kukohoa. Au labda ni mimi.